Toleo la marekebisho limetoka, mtumiaji bado analia: tuanzie wapi?

Siku mbili baada ya kutoa toleo 1.4.2 la maktaba yetu ndogo ya hesabu, mama anayeshika daftari la ushirika mmoja wa kahawa alinipigia simu. "Mwanangu, mlisema mmetengeneza. Mbona jumla bado inakuja na alama ya kutoa mbele?" Nikamjibu, "Mama, tumetengeneza kweli." Sikudanganya, na yeye hakudanganya. Kiraka, yaani kipande cha msimbo kinachorekebisha kasoro, kilikuwa kimeingia, majaribio yote yalikuwa yamepita, na kwenye kompyuta yake malipo ya wakulima yalikuwa bado yanageuka deni.

Maktaba yenyewe haina makuu: Python, kipande kidogo cha C, na NumPy, maktaba ya Python ya kuhesabu namba nyingi kwa pamoja, chini yake ikibeba mzigo wote mzito. Tunaitunza watu wawili hapa Bukavu, mmoja anakaa Ibanda, mwingine Kadutu. Watumiaji wetu ni wanafunzi wanaochakata vipimo vya mvua na vya Ziwa Kivu, pamoja na ushirika huo. Ninayoandika hapa yanamhusu yeyote anayetoa matoleo ambayo ni tarakimu ya tatu tu inayosogea, yaani ya kurekebisha kasoro bila kuongeza kitu. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu matatizo huja kwa sura hiyo. Hakuna anayepiga simu kusema kwamba tawi lako la matengenezo, yaani nakala ya msimbo inayopokea marekebisho tu, halikupata kiraka. Atasema "haifanyi kazi", basi.

"Mmesema mmerekebisha, lakini kwangu bado"

Anza hapa hata ukiwa na hakika kwamba tatizo liko kwingine. Kabla ya kufungua msimbo, jua ni nakala ipi inayotembea kwenye mashine ya mlalamikaji. Mwombe aandike mstari huu, akiweka jina la maktaba yako mahali pa numpy, kisha akutumie jibu zima bila kulifupisha:

`python -c "import sys, numpy; print(sys.executable, numpy.__version__, numpy.__file__)"`

Jibu litakuonyesha Python iliyotumika, toleo lililopo, na folda ambamo maktaba imechukuliwa. Nusu ya malalamiko tunayopata huishia kwenye mstari huu.

Sababu inayoongoza ni kwamba `pip install`, amri ya kusakinisha maktaba za Python, peke yake haipandishi toleo. Ikikuta maktaba ipo, inasema sharti limeshatimia na kwenda zake. Kijana wa ushirika alisoma ujumbe huo akaelewa kwamba toleo jipya limeshawekwa, na nani angemlaumu? Kinachotakiwa ni:

`python -m pip install -U jina-la-maktaba`

Hiyo `python -m` si pambo. Mashine nyingi zina Python mbili au tatu, na amri ya `pip` inaweza kuwa ya moja huku programu ikiendeshwa na nyingine. Ukipitia `python -m pip`, unaweka kitu palepale kitakaposomwa.

Wanafunzi wana sababu zao mbili. Daftari la Jupyter lililofunguliwa tangu asubuhi limeshapakia nakala ya zamani kwenye kumbukumbu, na kusakinisha upya hakulisumbui hata kidogo mpaka kerneli, injini inayoendesha daftari hilo, iwashwe upya. Nyingine ni ya kuchekesha usipokuwa wewe uliyepoteza jioni nzima: mtu ameandika zoezi lake akalipa jina `numpy.py`. Python inaanza kutafuta kwenye folda ya kazi, inakuta faili hilo na kulichukua. Ukiona maneno "partially initialized module", mwambie abadilishe jina la faili lake.

Kama jibu linaonyesha 1.4.2 na kasoro bado ipo, sasa rudi kwako. Je, kiraka kilifika kwenye tawi lililotolewa? Utaratibu wa NumPy, ambao sisi tumeuiga, ni kwamba marekebisho huingia kwanza tawi kuu, kisha hurudishwa kwenye tawi la matengenezo lenye jina kama `maintenance/1.26.x`. Kutoka tawi hilo walitoa 1.26.1 mpaka 1.26.4 kati ya Oktoba 2023 na Februari 2024, wakati tawi kuu linaelekea 2.0. Mwenye haraka huunganisha kiraka kwenye tawi kuu, anaona alama za kijani, kisha anatoa toleo kutoka tawi la matengenezo ambalo halikuguswa.

Usikague kwa `git branch --contains`, maana kiraka kilichorudishwa hupata utambulisho mpya na amri hiyo haitakiona. Rudisha kwa `git cherry-pick -x`, ambayo huandika utambulisho wa asili ndani ya ujumbe, kisha uutafute (hapa `a1b2c3d` ni mfano wake):

`git log maintenance/1.4.x --oneline --grep=a1b2c3d`

Kimya maana yake hakijafika.

Jumla inageuka hasi, na kwenye mashine yako haigeuki

Tulipandisha toleo la mama kwa `-U`. Likasoma 1.4.2. Jumla ikabaki hasi.

Hapa ndipo nilipoacha kujitetea nikaomba anitumie skripti yao. Ilikuwa inajumlisha malipo ya vituo vya kuosha kahawa kabla ya kutuletea sisi namba, kwa hiyo kiraka chetu kilikuwa kinalinda mlango ambao mwizi hakuupitia. Mwizi mwenyewe alikuwa yuleyule: namba kamili za biti 32.

Katika NumPy za 1.x, namba kamili ya kawaida kwenye Windows ilikuwa ya biti 32, hata kama mashine ni ya biti 64. Namba hiyo inaishia 2,147,483,647. Mwenye kuhesabu dola hafiki huko upesi, lakini anayehesabu franga za Kongo anafika msimu mmoja tu. Chukua vituo vitatu, kila kimoja franga 900,000,000. Jumla ni 2,700,000,000, lakini kwenye Windows na NumPy 1.26 unapata -1,594,967,296, kwa sababu namba imefurika na kuzunguka. Hakuna onyo wala kosa linalochapishwa. Kwenye Linux yangu namba ya kawaida ni ya biti 64, kwa hiyo majaribio yangu yangeweza kupita mpaka kiama.

NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, ilimaliza jambo hili: namba ya kawaida sasa ni biti 64 kwenye mifumo yote ya biti 64. Lakini watumiaji wako hawajahamia wote, hivyo andika aina waziwazi: `malipo.sum(dtype=np.int64)`. Kwa kuzidisha, geuza kabla: `kilo.astype(np.int64) * bei`. Ukigeuza baada ya kuzidisha, umechelewa, unahifadhi kwa biti 64 jibu ambalo limeshaharibika.

Kwa upande wa mtoaji wa toleo dawa ni mbili. Weka Windows kati ya mashine zinazoendesha majaribio, na kila jaribio la jumla liwe na namba inayovuka bilioni mbili na milioni mia moja hamsini. Sisi tulikuwa tunajaribu kwa 1, 2, 3.

"Majibu yetu hayafanani"

Malalamiko haya hutoka kwa wanafunzi wawili wenye data moja na kompyuta mbili. Wakati mwingine tofauti iko kwenye tarakimu ya kumi na tano, na hapo hakuna kasoro. Mpangilio wa kujumlisha namba za desimali hubadilika kulingana na prosesa na maktaba ya aljebra iliyo chini, na desimali za kompyuta hazijali kanuni ya shule kwamba mpangilio haubadilishi jumla. Tofauti ikianzia tarakimu ya saba, uliza kama wanatumia `float32`.

Desimali ya biti 32 inashika tarakimu saba hivi. Sema una jumla ya franga 1,073,741,824 ndani ya `float32`, na unaongeza noti ya 50. Jumla haisogei. Kwa ukubwa huo nafasi kati ya namba moja na inayofuata ni 128, na 50 haifiki hata nusu yake. Unaweza kuongeza noti hizo mojamoja mpaka soko la Kadutu lifungwe, jumla itabaki palepale.

NumPy hupunguza madhara kwa kujumlisha kwa vikundi badala ya moja baada ya nyingine, ila ufundi huo hufanya kazi pale tu jumla inapofuata mwelekeo ambao namba zimelala kwenye kumbukumbu. Jaribu mwenyewe:

`np.ones(20_000_000, dtype=np.float32).sum()`

inatoa milioni 20 kamili, lakini

`np.ones((20_000_000, 2), dtype=np.float32).sum(axis=0)`

inatoa 16,777,216 kwa kila safu, kwa sababu kuanzia hapo kuongeza 1 hakubadilishi kitu. Mwanafunzi mwenye jedwali refu la vipimo vya ziwa, lenye safu chache na mistari mingi, yuko kwenye mfano wa pili bila kujua. Ukiongeza `dtype=np.float64` ndani ya `sum`, jibu linanyooka.

Je, hii ni kasoro ya kutolewa toleo? Kama maktaba yako ndiyo iliyochagua `float32` kimyakimya, ndiyo, rekebisha leo. Kama mtumiaji alichagua mwenyewe ili kuokoa kumbukumbu, mweleze, na uache msimbo. Msimamo wangu ni huo na mwenzangu wa Ibanda hakubaliani nao.

Kuna mtego mmoja zaidi. Katika 1.x, `np.float32(3) + 3.0` ilitoa `float64`. Katika 2.0 inatoa `float32`. Matokeo yako yanaweza kupungua usahihi bila wewe kugusa mstari hata mmoja. Na majaribio yakianza kuanguka kwa sababu hiyo, usikimbilie kulegeza kipimo. `assert_allclose` huvumilia tofauti ya 1e-7 isipoambiwa vinginevyo, kiasi ambacho `float32` ikihesabu vizuri tu inaweza kukivuka. Jua kwanza tofauti inatoka wapi, ndipo uchague kipimo.

Programu inaanguka papo hapo kwenye import

Soma ujumbe. Ukisema moduli ilijengwa kwa NumPy 1.x na haiwezi kuendeshwa kwenye 2.x, au "numpy.dtype size changed ... Expected 96 from C header, got 88 from PyObject", basi kipande chako cha C kilijengwa kwa NumPy ya zamani na mtumiaji amepanda 2. Mpe nafuu ya muda:

`python -m pip install "numpy<2"`

Asisahau alama za kunukuu. Bila hizo, ganda la amri litadhani alama ya kushoto inaomba faili linaloitwa 2.

Dawa yenyewe ni yako: weka `numpy>=2.0` katika mahitaji ya ujenzi ndani ya `pyproject.toml`, ujenge upya, utoe toleo. Kilichojengwa kwa 2.0 hufanya kazi pia kwenye 1.x, lakini kilichojengwa kwa 1.x hakifanyi kazi kwenye 2. Ujumbe ukilalamikia `np.NaN`, `np.Inf` au `np.float_`, hayo ni majina yaliyoondolewa katika 2.0, na `ruff check --select NPY201` itakuonyesha yote yalipo.

pip inaanza kujenga, inatema kurasa tatu za makosa

Mtumiaji ana Python mpya, na faili la mahitaji limefunga NumPy ya zamani. Mfano wa kawaida ni Python 3.12 na NumPy 1.24. Python 3.12 ilitoka Oktoba 2023 bila `distutils`, zana ya zamani ya kujengea vifurushi, na NumPy ya kwanza kuikubali ni 1.26.0. Kwa kuwa hakuna faili lililojengwa tayari kwa jozi hiyo, pip inachukua msimbo chanzo na kujaribu kuujenga kwenye mashine isiyo na kompaila. Mwambie aongeze `--only-binary=:all:`. Itakataa mara moja kwa sentensi moja, kabla ya kumaliza mega alizonunua asubuhi. Kisha legeza kifungo chako: `numpy~=1.26.4` inakubali marekebisho yote ya 1.26 yajayo na kukataa 1.27 na kuendelea.

Umetoa lebo, hakuna kilichotokea. Au kimetokea kibaya

Hii ni ya upande wa mtoaji, na hapa mtandao wetu una neno lake.

Lebo, yaani alama ya git inayotaja namba ya toleo, haikusafiri. `git push` ya kawaida haipeleki lebo. Andika `git push origin v1.4.2`.

Lebo ilisafiri lakini kifurushi kikaitwa `0.1.dev1+g` na herufi nyingine, na PyPI, ghala ambako pip huchukua maktaba, ikakikataa. Kama namba ya toleo inasomwa na setuptools-scm kutoka kwenye lebo, kumbuka kwamba GitHub Actions, mashine za GitHub zinazojenga na kujaribu msimbo, kwa kawaida huchukua komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja tu, bila historia na bila lebo. Weka `fetch-depth: 0` kwenye hatua ya kuchukua msimbo.

Intaneti ilikatika katikati ya kupakia. Mafaili matatu yamefika, manne hayajafika, na ukirudia unaweza kuambiwa "File already exists". Endelea na:

`twine upload --skip-existing dist/*`

Wakati huohuo mtu wa Windows anaweza kuwa anapata 1.4.2 huku wa Mac akipewa 1.4.1. Ndiyo maana tuliacha kabisa kupakia kutoka nyumbani. Sasa cibuildwheel inajenga mafaili ya mifumo yote kwenye mashine za GitHub, na mashine hizo ndizo zinazoyapeleka PyPI kwa utaratibu wa wachapishaji wanaoaminiwa ulioanza 2023, bila neno la siri kukaa kwenye kompyuta yangu. Kutoka Kadutu mimi napeleka lebo tu, ambayo ni kilobaiti chache. Umeme ukikatika baada ya hapo, toleo linaendelea bila mimi.

Ukigundua faili ulilopakia ni bovu, usifikirie kulifuta na kulirudisha. PyPI haikubali jina la faili lile lile mara ya pili, hata ukilifuta. Litangaze toleo zima kuwa limeondolewa sokoni kwa kitufe cha "Yank", ambapo pip italiruka isipokuwa kwa aliyelifunga kwa `==`, kisha toa 1.4.3. Namba hazinunuliwi.

Kiraka kimevunja kitu kingine

`git bisect` kati ya v1.4.1 na v1.4.2 itakuonyesha komiti yenye hatia, na kwa toleo dogo ni hatua tatu nne. Mara nyingi utakuta si kiraka chenyewe. Ni "kausafi" fulani kalikoingia pamoja nacho: jina la kigezo lililobadilishwa liwe zuri, au tabia iliyoonekana haina maana ikaondolewa. Jina `np.float` lilitangazwa kuwa linaondoka katika NumPy 1.20, Januari 2021, na liliondolewa katika 1.24, Desemba 2022. Karibu miaka miwili ya onyo, na bado watu walilia. Wewe usiondoe kitu kwenye tarakimu ya tatu. Rudisha komiti nyuma kwa `git revert`, andika jaribio litakaloanguka mtu akiirudia, toa toleo jipya.

Mtumiaji hana intaneti kabisa

Ushirika ule una kompyuta nyingine kwenye kituo cha kuosha kahawa kisiwani Idjwi, na huko toleo linafika kwa boti, ndani ya flashi. Faili la NumPy peke yake ni megabaiti kumi na kitu, kwa hiyo unapakua mara moja mjini. Tatizo la kawaida ni kupakua mafaili ya mashine yako badala ya yake. Kutoka Linux, kwa ajili ya Windows yenye Python 3.12:

`python -m pip download jina-la-maktaba==1.4.3 --platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all: -d flashi`

Na kule:

`python -m pip install -U --no-index --find-links flashi jina-la-maktaba`

Ikisema haikuta toleo linalofaa, linganisha namba ya Python yake na herufi `cp312` kwenye jina la faili. Ikilalamika kwamba faili si zipu, flashi ilichomolewa kabla ya kumaliza kunakili; kagua kwa `certutil -hashfile` na neno `SHA256` mwishoni, ulinganishe na namba iliyoko PyPI. Mara ya kwanza tulipeleka mafaili ya `cp311`, boti likaondoka, na mama akasubiri mpaka safari iliyofuata. Sasa kabla ya kunakili chochote namwomba anisomee kwa simu jibu la `python --version`.